Sanduku la ndoto: kutoka bati hadi kufuli

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Kamukunji, soko la mafundi wa bati hapa Nairobi, unaisikia kabla hujaiona. Nilipanda matatu namba 58 kutoka Buruburu, nikashuka Muthurwa, nikavuka barabara, na kuanzia hapo sikuuliza njia tena, nilifuata nyundo. Kila fundi ana kipande cha reli ya gari moshi mbele yake. Reli hiyo ndiyo fuawe, na bati likigongwa juu yake masikio yanapiga miluzi mpaka jioni.

Kilichonipeleka ni hiki. Wiki jana nilikuwa natafuta cheti cha kuzaliwa cha mpwa wangu, nikakuta ndoto zangu zimetapakaa nyumba nzima. Moja iko nyuma ya bahasha ya bili ya maji: "Cherehani ya kudarizi, ya umeme." Nyingine imo ndani ya Biblia, ya mwaka wa 2019, na naona haya kuinukuu hapa. Nyingine zilikuwa kwenye simu ambayo haiwaki tena, kwa hivyo hizo zimekwenda. Nikasema basi, zilizobaki zitafutiwe nyumba.

Rafiki yangu alinishauri nibandike picha kwenye ubao ukutani. Sitaki. Sebule yetu ni ndogo, na kila mgeni atakayekuja kunywa chai atasoma ninachokitaka maishani kabla sukari haijayeyuka. Mkebe wa biskuti nao haufai. Mama ana mitatu, yote imejaa nyuzi, sindano na vifungo, na katika nyumba hii hakuna atakayeamini kwamba wa nne una kitu kingine.

Nilitaka sanduku la bati la kwenda bweni, ila dogo. Aliyesoma shule ya bweni hahitaji kuelezwa: jina lako limeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya kifuniko, kufuli inaning'inia mbele, ufunguo uko shingoni kwa uzi wa kiatu. Pale shuleni kitanda si chako, sahani si yako, hata muda si wako. Sanduku ni lako.

"Ndogo hivi ni ya nini, kastoma? Ya mtoto wa nasari?" fundi akauliza.

Nikamwambia ni ya kuwekea karatasi. Karatasi gani? Za ndoto. Nilidhani atacheka. Akauliza tu, "Ya kufunguka ama ya kutofunguka?" Kisha akaninyooshea kidole vile visanduku vya akiba vilivyopangwa pembeni, vilivyochomewa kila upande, vyenye mwanya mmoja juu. Ukitaka pesa zako unakivunja.

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Ndoto ukishaiandika, unairudia kuisoma kila wiki, au unaiacha ikae gizani mpaka mwaka uishe? Nilisimama pale mpaka mteja mwingine akahudumiwa. Mwishowe nikasema nataka mwanya juu na pia kifuniko chenye bawaba na kufuli.

"Yaani vyote viwili," akasema, kama mtu aliyezoea watu wasiojua wanachotaka.

Alipokuwa akipima tuliongea biashara. Mwaka huu Januari yake ilikuwa kavu. Waliofanya KCPE ya mwisho (ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi), ile ya 2023, waliingia kidato cha kwanza Januari 2024, na mwaka huu hakukuwa na wa kuwafuata kwa kuwa darasa la kwanza la mtaala mpya bado liko Gredi ya 9. Masanduku aliyoyatengeneza Desemba aliyauza kwa shida. Sasa anangojea Januari 2026, Gredi ya 10 waende bweni. Nikamwambia basi na yeye ana karatasi ya kutia humu. Akasema yake ni kubwa, haitapita kwenye huo mwanya.

Vipimo: sentimita 30 kwa 28, kimo 15. Bati ni geji 30. Nilidhani 30 ni nene kuliko 28, kumbe namba ikipanda bati linakonda. Alilikata kwa mkasi wa bati, akakunja kingo zote ndani ili zisikate mtu, akalipinda juu ya reli, akafunga kona kwa ribiti. Mwanya aliutoboa kwa tindo. Alianzia 900, tukaafikiana 650. Nimelibeba mapajani njia nzima, kondakta akaniuliza kama ni njiwa.

Jumapili, 3 Agosti

Shule zimefungwa, mpwa wangu yuko nasi likizo nzima. Ana miaka kumi na mmoja. Amelizunguka sanduku mara mbili, amechungulia mwanya, akauliza kama linafanya kazi hata kabla ya kupakwa rangi. Nikamwambia halina sababu ya kutofanya.

Akararua karatasi ya daftari, akaandika akiificha kwa mkono, akaitumbukiza. Halafu akaniambia aliyoyaandika, maana mtoto hawezi siri: Kenya ichukue kombe. Ni la CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Mashindano yenyewe tumeyaandaa sisi na Uganda na Tanzania, na leo Harambee Stars, timu yetu ya taifa, walikuwa wanacheza na Kongo ya Kinshasa uwanjani Kasarani. Tukashinda 1-0. Mtoto amelala akiamini kwamba sanduku ndilo lililofunga.

Jumanne, 5 Agosti

Rangi. Kulikuwa na robo lita ya rangi ya mafuta, maruni, iliyobaki tulipopaka lango. Nimelifuta sanduku vumbi kwa kitambaa, nikapiga koti mbili, moja asubuhi na moja jioni. Limependeza mno. Nimelala na madirisha wazi kwa sababu ya harufu, na baridi hii ya Agosti, lakini nimelala nimeridhika.

Jumamosi, 9 Agosti

Rangi inabanduka.

Haikudondoka yenyewe. Mpwa aliweka ukucha kwenye kona, akavuta, ukatoka utepe mrefu kama ganda la ndizi, na chini yake bati linang'aa kama lilivyotoka Kamukunji. Alinitazama kwa woga. Nikavuta na mimi. Nakiri ilikuwa raha.

Nimekwenda duka la rangi na kipande cha lile ganda mfukoni. Muuzaji hakuhitaji hata kukitazama. Kosa la kwanza ni kwamba bati jipya lina mafuta ya kiwandani, na kitambaa kikavu hakiyatoi. Kosa la pili ni kubwa zaidi. Mabati haya yamevikwa zinki yasishike kutu, na zinki na rangi ya mafuta havikai pamoja. Mafuta ya ile rangi yanakutana na zinki, yanageuka kitu kama sabuni, na rangi inakaa juu ya sabuni. Hata ningelisafisha vizuri, baada ya miezi kadhaa lingebanduka tu. Dawa yake ni rangi ya maji.

Lango letu ni la chuma kisicho na zinki, ndiyo maana rangi ile ile imekaa huko miaka mitatu.

Jumapili, 10 Agosti

Siku nzima ya kubandua. Niandike utaratibu, maana nitausahau: kukwangua kwa kisu cha siagi, kufuta kwa thina nje kwenye uwanja, kuosha kwa sabuni ya kipande, kupiga msasa laini mpaka mng'aro upotee, kisha kupaka siki nyeupe, kuiacha dakika kumi na kusuuza. Siki inaliparua bati kidogo, likawa la kijivu na la kukwaruza kidogo kwenye kidole, kama kucha iliyokatwa. Hapo ndipo rangi inapata pa kushika.

Nilijikata kwenye mwanya. Tindo la fundi liliacha meno. Nimeyalainisha kwa tupa, halafu nikakata ukanda wa chubu ya baiskeli na kuuvisha kingo za mwanya kwa gundi ya viatu. Sasa una midomo ya mpira, na karatasi ikipita inatoa sauti ndogo ambayo mpwa anasema ni ya kumeza.

Leo tumewafunga Morocco 1-0, tukiwa kumi uwanjani kipindi chote cha pili. Majirani wa juu waliruka mpaka taa ikacheza.

Jumatano, 13 Agosti

Koti mbili za rangi ya maji, nyeusi. Imeshika. Nimeweka ukucha kila kona, haitoki.

Weusi mtupu unatisha, linafanana na kisanduku cha mita ya umeme. Mpwa alijaribu shanga kwa supagluu. Zilishika kidole chake kuliko bati, tukaziacha. Nikakumbuka leso.

Mama ana leso kuukuu ya maruni na nyeusi, yenye korosho kubwa kubwa katikati, iliyofuliwa mpaka imekuwa laini kama karatasi ya sigara. Mwenzake wa pea alishapotea zamani. Jina lake ni JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Nilimwomba nikijua ninachoomba.

"Hiyo nilikubebea wewe," akasema.

"Najua, Mama."

"Na kaka yako."

Nikanyamaza. Niliona afadhali nitafute leso mpya Biashara Street, nikaanza kuhesabu nauli kichwani. Mama akainuka, akaenda chumbani, akarudi na leso na mkasi wake wa kushonea. Akaitandaza mezani, akaitazama kwa muda, akaanza kukata mwenyewe. Alikata pindo la juu akaliweka kando, bila kusema ni la nini. Kisha mji, yaani ile sehemu ya katikati, kisha jina, polepole, akifuata ule mstari unaozunguka maandishi. Mpwa alishika upande wa pili asipumue.

Alipomaliza akasema, "Lakini ufunguo wa hilo sanduku utakaa na mimi."

Jumamosi, 16 Agosti

Leo nimeharibu, na nimeharibu kitu kisicho na cha pili.

Kubandika kwenyewe si kazi ngumu. Gundi nyeupe ya mbao vikombe viwili kwa kimoja cha maji (vikombe vya dawa ya kikohozi, si vya chai), brashi pana, unapaka bati kwanza, unalaza kitambaa, unakifuta kwa kadi ya benki iliyokwisha muda ukianzia katikati kwenda nje. Kitambaa kikongwe kina hatari yake. Kikilowa hakivutiki, ukikivuta kinachanika. Unakilaza mara moja tu.

Korosho nimezipanga kwenye kifuniko na nyuma. Jina nililipima lote: sentimita 52. Uso wa mbele ni 30. Nilijua litapinda kona na kuingia ubavuni, nikaona hilo ni zuri, kama mshipi. Sikufikiria litakatikia wapi. Nikaanza sentimita tano kutoka kona ya kushoto ili lipumue, nikalaza, nikafuta kwa kadi, nikarudi nyuma kulitazama.

Mbele limesomeka, kwa herufi kubwa, kana kwamba limepimwa: JAPO SIPATI.

Nafasi kati ya maneno imeangukia kona yenyewe. TAMAA SIKATI iko ubavuni.

"Anti," mpwa akasema, "sanduku linasema hatutapata."

Mama alicheka mpaka akaketi. Alikuwa hajacheka hivyo tangu Pasaka. Nami nilikuwa na mikono imejaa gundi, sina hata pa kujishika. Kulibandua haiwezekani, lingetoka vipande vipande. Nimefikiria kuanzia hapo hadi saa hizi za usiku na nilichopata ni hiki: sanduku halitawekwa uso ukitazama watu. Litawekwa kona mbele, kama mkate uliogeuzwa, pande zote mbili zionekane kwa pamoja. Nimelijaribu juu ya kabati. Linasomeka. Linachukua nafasi zaidi, na redio imehamia jikoni.

Jumanne, 19 Agosti

Halijakauka. Gundi hii hukauka kwa kupoteza maji, na Nairobi ya Agosti haipokei maji ya mtu. Jua limetoka nusu saa leo. Nilitaka kuliweka karibu na jiko, lakini ukilikausha kwa pupa mvuke unanasa chini ya kitambaa na kuinua mapovu. Nina mapovu mawili tayari. Nimeyatoboa kwa sindano ya Mama na kuyakandamiza kwa kijiko.

Ndani nimetandika kadibodi ya kasha la viatu, chini na pande zote, kwa kuwa bati usiku wa baridi hutoa jasho. Nimetia pia vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Nilikuwa na vitano, nimekuwa nikivihifadhi miaka yote hii bila kujua kwa nini.

Jumapili tuliwafunga Zambia 1-0, tukaongoza kundi. Mpwa sasa anasema "sanduku letu" akiongea na watoto wa ploti.

Jumatano, 20 Agosti

Vanishi ya maji, koti moja, imekauka kwa saa tatu. Kufuli ndogo, 120.

Kwa hiyo leo ilikuwa siku ya kuandika. Nimekata karatasi za upana wa vidole vitatu. Nimechagua penseli, kwani wino wa kalamu za jeli ukipata unyevu unatambaa, na penseli haififii. Za zamani nimezinakili upya: cherehani imo, ile ya 2019 imo, ingawa nimeipunguza. Halafu nikakaa na karatasi tupu. Kwenye bahasha ya bili niliandika cherehani kwa sekunde mbili, nikiwa nimesimama. Mbele ya sanduku hili lililonigharimu karibu wiki tatu, kila ninachoandika naona hakitoshi kuingia. Nimeandika tatu, nimerarua mbili.

Macho ya Mama hayasomi maandishi madogo siku hizi, wala mkono wake hauandiki bila kutetemeka. Alimwita mpwa chumbani, wakafunga mlango. Nilisikia mnong'ono, kimya, mnong'ono tena, halafu mtoto akauliza neno moja linaandikwaje. Sikulisikia neno lenyewe. Walitoka na karatasi iliyokunjwa mara nne, akaitumbukiza.

"Nyanya amesema nini?" nikauliza usiku, tukiosha vyombo.

"Amesema nisikwambie."

Mtoto huyu huyu asiyeweza siri.

Ufunguo Mama ameufunga kwenye lile pindo alilolitenga siku ile, kwa fundo la kufungia pesa, akalivaa kiunoni chini ya nguo.

Ijumaa, 22 Agosti

Madagaska. 1-1, kisha penalti. Tumetoka.

Jumamosi, 23 Agosti

Asubuhi mpwa alikuja kunitaka nimwombee ufunguo. Alikuwa na macho mekundu. Anataka kutoa karatasi yake.

Hapo nikamkumbuka fundi na swali lake la kufunguka ama kutofunguka. Nilikuwa nimefikiria ndoto za kungojea, kama cherehani. Sikufikiria ndoto yenye tarehe, inayoweza kufa Ijumaa usiku huku imelala ndani na nyingine. Je, itolewe? Mimi nilikuwa upande wa mtoto. Karatasi iliyokwisha kazi inachukua nafasi, na kila tukifungua itamuumiza.

Mama alikuwa anachambua mchele. "Haitoki," akasema.

"Lakini Nyanya, imeharibika."

"Haijaharibika. Umeandika uongo?"

"La."

"Ulikuwa hutaki?"

"Nilitaka."

"Basi iko mahali pake." Akaendelea na mchele. Mtoto alisimama pale kidogo, kisha akamuuliza kama anaweza angalau kuirekebisha, aongeze neno moja tu, kwa sababu mwaka wa 2027 AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, itakuja Kenya, Uganda na Tanzania, na hakuandika kombe gani wazi wazi. Mama akasema kama ni neno moja, liandikwe kwenye karatasi nyingine.

Akaandika. Niliona safari hii, hakuficha. Kwenye karatasi kuna "2027" na hakuna kingine. Ikapita kwenye midomo ya mpira na ile sauti ya kumeza.

Jumapili, 24 Agosti

Kesho shule. Tumemfungia vitu vyake, na kaka yangu amekuja kumchukua saa kumi. Aliuliza kwa nini sanduku limekaa upande, akataka kulinyoosha, tukapiga kelele wote watatu kwa pamoja.

Hesabu, kwa atakayetaka kulitengeneza: sanduku 650, rangi ya maji 350, gundi 200, vanishi 300, msasa na siki 150, kufuli 120. Rangi ya mafuta ilikuwa ya bure na bado ilinipa hasara. Leso sijui nihesabu vipi.

Mle ndani, kwa hesabu yangu, mna karatasi sita. Tatu ni zangu, mbili za mpwa, moja ya Mama. Nilipokuwa napangusa vumbi jioni nililiinua na kulitikisa, kidogo tu. Mama akaniita kutoka jikoni akaniuliza natafuta nini.

Kona ya chini upande wa TAMAA imeanza kuinuka. Nimetia gundi kwa ncha ya kijiti cha meno na kuibana kwa vibanio viwili vya nguo. Vitolewe kesho asubuhi, si usiku huu.